Kipima unyevu cha mbao cha sindano mbili: kinaposema kweli na kinapohitaji kusahihishwa

Fundi seremala anayetengeneza samani za mbao halisi anahitaji kipima unyevu katika sanduku lake la vifaa, pamoja na tepu, randa na patasi. Huo ndio uamuzi wangu kuhusu kifaa ninachokipitia hapa, ambacho ni kipima unyevu cha mkononi cha aina ya kawaida kabisa inayouzwa madukani na mitandaoni, chenye sindano mbili za chuma kichwani, kioo kidogo cha tarakimu, kitufe cha kuchagua kundi la mbao na betri ya volti 9. Sitaji chapa yake, kwa kuwa vifaa vya namna hii kutoka viwanda mbalimbali hufanya kazi kwa kanuni moja na hukosea kwa namna moja. Nimekitumia katika karakana ya samani jijini Dar es Salaam, kwenye mninga, mkongo na paini, na nimelinganisha namba zake na vipimo vya mizani na jiko la kuokea, ambavyo ndivyo msingi wa kupima unyevu wa kitu chochote kigumu kinachokaushwa. Sifa zake ni za kweli. Hata hivyo, mtu asiyejua namba ile inahesabiwa juu ya nini, imetoka kina gani cha ubao, na ubao wenyewe utakwenda kukaa wapi, atanunua kifaa kizuri na bado atauza kabati litakalopasuka.

Katika useremala na viwanda vya mbao, asilimia ya unyevu ni uzito wa maji yaliyomo ukigawanywa kwa uzito wa ubao ukiwa mkavu kabisa, wala si kwa uzito wote wa ubao pamoja na maji yake. Kipande cha gramu 130 kikikaushwa hadi kikabaki gramu 100, kilikuwa na gramu 30 za maji, yaani unyevu wa asilimia 30. Wafanyabiashara wa nafaka huhesabu kwa njia nyingine: wao hugawanya maji kwa uzito wote, hivyo kipande hichohicho kwa hesabu yao kingekuwa na asilimia 23 tu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na hiyo, ikigeuzwa kuwa hesabu ya mbao, ni takribani asilimia 15.6. Nimeona ni vyema kulieleza jambo hili mapema kwa sababu wapo wanaochukua kipima unyevu cha mahindi wakidhani kitawafaa kwenye mbao, na wapo wanaodhani kifaa kimeharibika wanaposikia kwamba ubao mbichi wa paini, uliotoka kwenye msumeno siku hiyohiyo, unaweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100. Hapana kosa lolote hapo. Maji yaliyomo ndani ya ubao huo ni mazito kuliko ubao wenyewe.

Maji hayo hukaa katika sehemu mbili, na tofauti ya sehemu hizo inaeleza karibu kila kitu kuhusu kifaa hiki. Sehemu ya kwanza ni matundu ya ndani ya nyuzi za mti, ambamo maji yamejaa bila kushikwa na chochote. Hayo hutoka kwanza na hutoka kwa urahisi. Sehemu ya pili ni kuta zenyewe za nyuzi, ambazo hushika maji kwa nguvu na kuyaachia polepole. Matundu yakishakuwa matupu huku kuta zikiwa bado zimeshiba, unyevu wa mbao nyingi huwa karibu na asilimia 28 hadi 30. Juu ya kiwango hicho ubao unapoteza uzito tu, hausinyai wala haupindi. Chini yake, kila asilimia moja inayotoka inatoka ndani ya ukuta wa nyuzi, ukuta unapungua unene, na ubao unaanza kusinyaa. Kwa hiyo ubao unaweza kukaa wiki kadhaa ukionekana mtulivu na kumpa fundi imani kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza unakaribia hatua ambapo kupinda na kupasuka huanza. Kasi ya kukauka nayo hubadilika: mwanzoni inategemea zaidi upepo na hewa inayopita juu ya ubao, lakini kadiri unyevu unavyopungua, kinachotawala ni muda ambao maji yanahitaji kusafiri kutoka katikati hadi juu. Ukizidisha joto au jua wakati huo, unakausha ngozi ya nje tu, na ngozi hiyo ikitaka kusinyaa huku kiini kikiwa bado kimevimba, hupasuka.

Kifaa chenyewe hakipimi maji moja kwa moja. Hupitisha mkondo mdogo sana wa umeme kutoka sindano moja kwenda nyingine na kupima ukinzani wa ubao ulio katikati yake. Mbao kavu huzuia umeme kwa nguvu kubwa, na mbao zenye maji huuruhusu upite. Kati ya ukavu kamili na kile kiwango cha kuta kushiba, ukinzani huo hubadilika kwa zaidi ya mara milioni moja, na ukubwa wa badiliko hilo ndio unaokipa kifaa cha bei ndogo uwezo wa kutofautisha asilimia 11 na 13. Juu ya asilimia 30 hali ni nyingine. Maji yanayoongezeka ndani ya matundu hayabadilishi ukinzani kwa kiasi cha maana, hivyo kifaa kikiandika 45 mahali pamoja na 60 mahali pengine, namba hizo zote mbili zinasema kitu kimoja tu, kwamba ubao ni mbichi. Upande wa chini nao una mpaka wake: chini ya asilimia 6 au 7 ukinzani ni mkubwa mno kiasi kwamba vifaa vya kawaida haviwezi kuusoma vizuri. Kwa bahati nzuri, samani za nchi zetu karibu zote huishia kati ya 8 na 18, na hapo ndipo kifaa kina nguvu.

Jaribio lililonifunza zaidi lilikuwa la ubao wa mninga wa inchi mbili uliokuwa umekaa muda mrefu chini ya paa, na ambao kila fundi aliyeugonga kwa kidole aliuita mkavu. Sindano zilichomekwa usoni, sambamba na nyuzi, zikasukumwa hadi mwisho wa urefu wake, na kioo kikaonyesha 13. Kisha ubao ukakatwa kwa msumeno mbali na ncha zake. Vumbi lililotoka lilikuwa la rangi ya kahawia iliyokolea, na badala ya kupeperuka lilishikamana vidoleni. Sindano zilipochomekwa kwenye uso mpya wa mkato, katikati kabisa ya unene, namba ilikuwa 19. Zilipohamishiwa karibu na ngozi ya nje, ilirudi 13. Huo ni ubao mmoja, wakati mmoja, na namba zote mbili ni sahihi. Fundi anayeupasua ubao wa namna hiyo ili apate mbao mbili za inchi moja atapata mbao zenye uso mmoja mkavu na uso mmoja wenye maji, na uso wenye maji utakapokauka ndani ya nyumba ya mteja, ubao utajikunja kuelekea upande huo hata kama ulikuwa umenyooka kikamilifu siku ya kupigwa randa.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya vifaa vidogo inapojitokeza. Ubao unaoendelea kukauka huwa na unyevu mdogo nje na mwingi ndani, na wataalamu wa mbao hukadiria kwamba wastani wake hupatikana sindano zikifika kina cha robo hadi moja ya tano ya unene. Kwa ubao wa inchi moja, kina hicho ni milimita 5 au 6, na sindano fupi hukifikia bila shida. Kwa ubao wa inchi mbili ni milimita 10 hadi 13, na sindano za kifaa hiki hazifiki huko, hasa kwenye mbao ngumu kama mkongo, ambamo kuzisukuma kwa mkono tu ni kazi nzito na kuzigonga kwa nyundo ni kuzivunja. Vipo vifaa vya bei ya juu zaidi vyenye nyundo yake maalumu na sindano ndefu zilizofunikwa kwa plastiki isipokuwa nchani, ambazo husoma kina kile tu ambacho ncha imefikia. Anayefanya kazi na miguu ya meza, fremu za milango au vitanda vya mbao nene namshauri avitazame hivyo. Anayefanya kazi na mbao za inchi moja hana haja navyo.

Sindano zisizofunikwa zina tatizo jingine: husoma sehemu yenye maji mengi kuliko zote inayozigusa. Umande wa asubuhi, mvua ya manyunyu iliyoangukia mbao zikiwa kwenye gari, au kitambaa kibichi kilichopitishwa juu ya ubao vitapandisha namba hata kama ndani ni pakavu. Ubao wa namna hiyo uachwe kwanza uso wake ukauke, ama ukwanguliwe kwa randa kabla ya kupimwa.

Kuna pia suala la aina ya mti. Ukinzani wa umeme hautofautiani kwa sababu ya maji pekee. Kila mti una madini na utomvu wake, na vifaa vingi vimesanifiwa kwa kutumia miti ya Ulaya na Marekani. Kitufe cha kundi la mbao kipo kwa ajili hiyo, na ni kitufe ambacho wengi hawakigusi kamwe. Kwenye ubao uleule, kuhama kutoka kundi moja hadi jingine kunaweza kubadilisha namba kwa asilimia mbili au tatu, na tofauti hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu aamini kwamba mbao ziko tayari ilhali haziko. Paini haina shida, kwa kuwa imo katika kila jedwali. Mninga na mkongo mara nyingi havimo, au vimeandikwa kwa majina ya kibiashara ambayo fundi wa Keko au Buguruni hana sababu ya kuyajua. Joto nalo linahusika: vifaa vingi vimewekwa sawa kwa nyuzijoto 20, na mbao zenye joto hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, hivyo kwenye karakana yenye nyuzi 30 kifaa husoma juu kwa takribani asilimia moja. Kifaa ninachokipitia hakirekebishi jambo hilo chenyewe. Ni lazima mtumiaji apunguze kwa kichwa.

Mbao zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza nazipa aya yake kwa sababu zimeenea sana katika ujenzi. Dawa ya chumvi za shaba, ile inayoacha rangi ya kijani, huongeza upitishaji wa umeme, na kipima cha sindano huzihesabu chumvi hizo kama maji. Namba itakayoonekana itakuwa juu ya ukweli, na kwa kiasi kisichotabirika, kwa kuwa dawa haikuingia sawasawa kila mahali. Kwa mbao hizo kifaa hiki hakifai kutolea uamuzi.

Dawa ya mashaka yote hayo ni mizani na jiko, na ninasisitiza kwamba kila anayenunua kifaa hiki afanye jaribio la jiko walau mara moja kwa kila aina ya mti anaoutegemea. Kata kipande chenye urefu wa sentimita mbili na nusu kufuata nyuzi, chenye upana na unene wote wa ubao, na ukitoe angalau nusu mita kutoka kwenye ncha, kwa kuwa ncha hukauka kwa kasi kubwa zaidi kuliko sehemu nyingine na zitakudanganya. Ondoa machicha ya msumeno, kisha kipime uzito papo hapo kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kuchelewa kwa saa moja kwenye upepo tayari kumebadilisha jibu. Kiweke katika jiko la kuokea lenye nyuzijoto 103, ukihakikisha halipandi kiasi cha kukiunguza, na ukipime tena na tena hadi uzito usibadilike, jambo ambalo kwa kawaida huchukua takribani siku nzima. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Sasa unayo namba ya kweli, na tofauti kati yake na namba ya kifaa ndiyo masahihisho yako ya mti huo. Yaandike kwa kalamu kwenye mgongo wa kifaa. Kwa paini, kifaa changu kilikaribiana na jiko kwa namna iliyoniridhisha kabisa. Kwa mninga kililazimu masahihisho, na tangu masahihisho hayo yawekwe kimekuwa cha kutegemewa.

Linabaki swali ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulijibu: namba gani inatosha? Wapo wanaotaja 12 kana kwamba ni sheria. Mbao hazina mwisho mmoja wa kukauka. Hutulia pale zinapolingana na hewa inayozizunguka, na hewa ikibadilika zinaanza upya kutoa au kunywa maji. Kwenye joto la kama nyuzi 27, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huziacha mbao zikiwa karibu na asilimia 16, hewa ya asilimia 65 huziacha karibu na 12, na hewa ya asilimia 50 huzishusha hadi 9 hivi. Wakati wa masika Dar es Salaam, mbao zilizopangwa vizuri chini ya paa hazitashuka chini ya 15 hata kama zimeshakaa hapo mwaka mzima, na si uvivu wa fundi. Dodoma, ambako mvua huwa kati ya Desemba na Aprili na miezi inayofuata ni ya ukame, hewa ya mchana wa kiangazi hushuka chini ya nusu ya unyevu inaoweza kuubeba.

Tazama maana yake kwa samani zinazotengenezwa pwani na kupelekwa Dodoma. Uso wa meza wa paini wenye upana wa milimita 400, uliounganishwa kwa gundi ukiwa na asilimia 16 na kwenda kutulia kwenye asilimia 10, utapungua upana kwa takribani milimita 6, kwa sababu paini iliyopasuliwa sambamba na pete zake za ukuaji hupoteza kama robo ya asilimia moja ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka chini ya kile kiwango cha kuta kushiba. Ikiwa uso huo umepigiliwa misumari kwenye fremu isiyouruhusu kusogea, milimita hizo 6 zitajitafutia njia katikati ya ubao. Mninga una sifa ya kusinyaa kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya heshima uliyo nayo, lakini kidogo si hakuna. Kwa oda za namna hiyo, kipima unyevu kimekuwa msaada mkubwa: mbao zikisoma 15 au 16 baada ya masahihisho, zinapelekwa kwanza kwenye tanuru la kukaushia hadi zifike 10 au 11, ama kazi inasanifiwa upya, paneli ziingie kwenye mfereji bila gundi na uso wa meza ushikwe kwa vibanio vinavyoteleza. Kwa kabati litakalobaki Kigamboni, hapahapa pwani, mbao zenye 14 ziko tayari, na kuzikausha zaidi ni kupoteza fedha, kwani zitanywa maji tena na droo zitagoma kufunguka.

Kwenye ununuzi wa mbao kifaa hakina mpinzani. Paini inayoshuka kutoka Mafinga mara nyingi imepasuliwa karibuni na kupangwa ikiwa imebanana bila vijiti vya kupitisha hewa, na namba inayozidi 30 ikionekana mbele ya muuzaji huondoa mabishano yote kuhusu nani amesema kavu. Chini ya asilimia 20, ukungu na ile rangi ya buluu inayoharibu paini hukosa maji ya kuishi. Juu ya kiwango hicho, kila siku ya kuchelewa kuzitandaza mbao ni hasara. Pima mbao za katikati ya rundo, kwa sababu za juu zimepigwa na jua na upepo na haziwakilishi zilizo chini yake, na pima upande utakaofichwa, kwa kuwa sindano huacha vitundu viwili ambavyo mteja ataviona chini ya vanishi.

Aina nyingine ya kifaa, ile ya bamba isiyo na sindano, haitoboi chochote na husoma kwa haraka kwa kupitisha ndani ya ubao mawimbi ya sumakuumeme badala ya mkondo. Inafaa kwa kukagua samani zilizokamilika. Hata hivyo, huhitaji uso ulionyooka, huhitaji kuambiwa uzito wa aina ya mti, na ubao ukiwa mwembamba husoma pia meza ya chuma iliyo chini yake. Kwa karakana inayonunua mbao mbichi na kuzikausha yenyewe, ningechagua ya sindano.

Kwa kazi za mbao za inchi moja nakipa kifaa hiki alama nne kati ya tano. Kwa mbao nene, mbili. Kabla ya kulipa, omba jedwali la makundi ya mbao na usome kama miti unayoitegemea imo, angalia kama kifuniko chake kina vituo vya kujipimia, yaani mahali pa kugusisha sindano ili kifaa kionyeshe namba iliyoandikwa hapo, ili ujue siku kitakapoanza kupotea, na hakikisha sindano zinafunguka kwa mkono na kwamba muuzaji anazo za akiba. Ya kwanza huvunjika mapema, na kwenye mkongo huvunjika mapema zaidi.